Gari la Mtani

Ndugu zangu wa vijijini na wa mjini, nisikilizeni kidogo. Sitaki mtu yeyote achekwe kwa habari hii. Naieleza kwa sababu naamini watu wakionyeshwa mahali walipojikwaa, hawatajikwaa tena hapo.

Ilikuwa baada ya mavuno ya kwanza tangu tuhamie kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Ikungi. Mtama ulikuwa umekubali. Asubuhi hiyo akina mama walikuwa wakipura uwanjani, upepo ukipeperusha makapi. Kristina, mke wa Antipasi, aliketi pembeni na ungo wake kwa sababu ya ujauzito, akiwatania wenzake kwamba mwaka huu yeye anahesabiwa kazi kwa kukaa. Mtoto wake wa kwanza, Nathanaeli, alizaliwa kwa kupasuliwa hospitalini Singida, na daktari alimweleza waziwazi kwamba atakayefuata asizaliwe nyumbani. Uchungu ukianza tu, apelekwe.

Kijiji kilikuwa kimeamua kununua pikapu ya petroli iliyokwisha kutumika, maana mpya hatukuiweza. Mkutano ulimchagua Antipasi kwenda kuitafuta. Tulisema, nani ataangalia vizuri kuliko mtu ambaye mke wake ndiye atakayeihitaji kwanza?

Alipoaga, Kristina aliweka ungo chini. "Baba Nathanaeli," alisema, "mwulize mwenye gari kila kitu. Usione haya. Atakayelazwa humo ni mimi."

Antipasi alifuatana na Alute, dereva wetu, mpaka Utemini, mjini Singida, nyumbani kwa mfanyabiashara aitwaye Mselemu. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora, na kwetu Wanyaturu, Mnyamwezi ni mtani. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele za watu, akakutukania ukoo, nawe hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa. Ukiogopa, umeshindwa zaidi.

Walimkuta Mselemu barazani. Pikapu ilikuwa mlangoni, injini ikinguruma taratibu, imesuguliwa hadi inang'aa.

"Umekuja kununua au kukamua?" Mselemu aliuliza. "Nyinyi Wanyaturu, kila chenye miguu minne mnakitafutia chuchu."

Antipasi alicheka, akarudisha yake kuhusu Wanyamwezi wanaobeba mizigo ya watu mpaka wakasahau njia ya kwao. Ndipo akauliza hali ya gari.

"Hili?" Mselemu alisema. "Hili ni zee kama mjomba wako. Asubuhi linakohoa moshi mpaka majirani wanafunga madirisha. Na oili linakunywa kuliko wewe unavyokunywa pombe ya mtama."

Wote waliokuwapo waliangua kicheko. Antipasi alicheka mpaka akafuta machozi.

Msomaji, hapo ndipo palipoharibika, katikati ya kicheko.

Alute hakucheka sana. Alimvuta Antipasi pembeni, akamshauri walale kwa jamaa zake, mtaa wa Mandewa, kisha warudi alfajiri wakati injini imepoa, waiwashe wenyewe, waone. Injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Antipasi alikataa. Mtani amtishe kwa maneno, naye aende zake arudi asubuhi kupeleleza? Angeitwa mwoga kila mnada wa ng'ombe. Boneti haikufunguliwa. Walipeana mikono, na gari likaletwa kijijini kwa vigelegele.

Kesho yake, Alute alipopiga stata, moshi wa bluu ulitanda mpaka mlangoni mwa shule. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka kikavu kwenye ncha. Alimwita Antipasi, akamwonyesha. Antipasi alikifuta kijiti kile, akakirudisha mahali pake. Angeweza kwenda kwenye mkutano siku hiyohiyo akasema, "Nimekosea, turudi kwa Mselemu." Badala yake alimwomba Alute awe anaongeza oili kila asubuhi na asimwambie mtu. Watu walipouliza habari za moshi, alijibu kwa mzaha kwamba mtani anatusalimu. Nasi tukacheka. Ndiyo, tulicheka kijiji kizima, na kila aliyecheka alisaidia kulificha jambo hilo.

Basi ikafika wiki ambayo oili haikupatikana dukani kwetu wala Ikungi. Na katika wiki hiyo, kulipopambazuka, Kristina alishikwa na uchungu.

Walimlaza nyuma juu ya magunia, mkunga Sara akimshika mkono. Antipasi alikaa mbele na Alute. Gari lilikataa kuwaka, likasukumwa, likawaka likitoa moshi mzito. Sara alieleza baadaye kwamba Kristina hakulia njia nzima. Alikuwa akiisikiliza injini. Kila iliposhuka sauti, naye alishika pumzi.

Walipita Ikungi salama. Mbele ya hapo, kwenye kilima chenye mawe, injini ilianza kugonga kama mtu apigaye bati kwa nyundo. Alute aliomba wasimame. Antipasi alimwambia aende tu. Waliendelea kidogo, kisha kitu kikavunjika ndani kwa kishindo, magurudumu yakakwama, na kukawa kimya. Oili iliyobaki ilidondoka mchangani.

Antipasi alikimbilia nyumba zilizokuwa karibu. Wanaume wa pale, ambao hawakumjua hata kwa jina, walitoa kitanda chao cha kamba, wakambeba Kristina mabegani jua likizidi kuwaka. Walipokezana bila kuambiana, mpaka lori lililobeba ngozi lilipowakuta na kuwachukua. Hospitalini alipelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Daktari alisema kidonda cha zamani kilikuwa kimeanza kufumuka.

Kristina alipona. Mtoto, msichana, alipumua mpaka mchana. Sara alimbatiza kwa maji ya kikombe, akamwita Theodora.

Kristina alibaki kitandani hospitalini, na Antipasi akamleta mtoto kijijini kumzika. Tukiwa makaburini, kabla jembe halijagusa ardhi, tulimwona Mselemu anakuja kwa miguu. Mnajua desturi. Mtani akifika msibani hufanya vituko. Hunyang'anya jembe, hulikalia, hudai ada, hata wafiwa watabasamu kidogo wapate kupumua. Mselemu alichukua jembe. Tukangoja. Alisimama nalo tu.

"Sema kitu, mtani," Antipasi alisema. "Ndiyo kazi yako."

Mselemu hakuinua uso. "Nilikwambia, Antipasi. Nilikwambia linakohoa. Nilikwambia linakunywa oili."

"Ulinitania."

"Nilijua utacheka. Ndiyo maana nilikwambia kwa utani." Kisha akasema mengine ambayo hakuulizwa. Siku ile aliliwasha gari tangu alfajiri ili moshi uishe kabla hawajafika, na ndani alikuwa ametia oili nzito ili injini isigonge.

Vijana walisogea. Antipasi aliwazuia kwa mkono.

"Nami nilikiona kijiti kikavu," alisema, "nikanyamaza." Akamtazama Mselemu. "Chimba."

Mselemu alichimba peke yake mpaka mwisho, na hakuna aliyempokea jembe.

Baadaye alirudisha fedha yote ya kijiji, wala hakushtakiwa. Lakini tangu siku ile yeye na Antipasi husalimiana kama wageni, na hakuna anayemvua mwenzake kofia.

FUNZO

Ndugu zangu, siulaumu utani. Utani umetuepusha na vita vingi, na nchi yetu changa inauhitaji. Ninachosema ni kwamba kuna maneno yasiyopaswa kuchekwa kabla hayajachunguzwa. Anayetaka kukudanganya anaweza kutumia hata ukweli, akiuvika kicheko.

Ukienda kununua gari lililotumika, nenda alfajiri bila kutoa habari. Weka mkono juu ya injini, na ukikuta ina moto, rudi siku nyingine. Washa mwenyewe, simama nyuma, utazame moshi. Chomoa kijiti cha oili. Lipandishe mlima likiwa na mzigo. Chukua fundi, na akikwambia ngoja, ngoja. Ukichekwa kwa hayo, kubali kuchekwa.

Na kama umekwisha kukosea, sema siku hiyohiyo. Kijiji kinaweza kubeba hasara ya gari. Aibu ya Antipasi ingekuwa ya jioni moja, na tungeisahau kabla ya mvua.