Mnazi Uliopakwa Rangi

Jua lilikuwa linazama Ismay alipotoka na kopo la rangi nyekundu. Kazi yenyewe ndogo: apake alama mnazi mmoja, asubuhi ukatwe, barabara ya gati la meli za watalii ipite.

Mmoja tu.

Kijiji cha Anse Corbeau hakikuanza kwa hati. Watu walitoka kwenye mashamba ya miwa siku walipoachiwa huru, wakafika ufukweni mikono mitupu. Kila mtoto aliyezaliwa hapo, kitovu chake kilitiwa kwenye kichupa, kikafukiwa, mnazi ukapandwa juu yake. Mwenye mnazi ndiye mwenye kiwanja. Na mnazi ukikatwa, mwenye kichupa kilicho chini yake haponi. Hilo hakuna aliyelifanyia mzaha.

Ismay, mkunga kwa miaka arobaini, ndiye aliyeachiwa achague. Minazi iliyoziba njia ni miwili, na kukata mmoja kungetosha: wa Alban, mwanawe wa pekee, na wa Fitzroy, jirani, baba wa watoto watatu.

Fitzroy alikuwa barazani akiparua samaki.

"Bi Mkunga! Rangi yote hiyo ya midomo?"

"Mshenzi wewe!" Wakacheka. Kisha Ismay akashusha sauti. "Nitapaka wako. Usiogope... kichupa chako nimeshakihamisha."

"Kweli, mama?"

"Kwa mikono yangu hii."

Mwongo mkubwa! Hakuwa amegusa hata chembe ya mchanga. Fitzroy akamshika mkono, akamshukuru, akampa samaki wawili wanono. Naye akawapokea, akawakaanga, akawala.

Asubuhi mashine ikanguruma. Ismay alijifungia ndani, lakini alisikia.

Kraa...

Mnazi ukaanguka. Hapo hapo mke wa Fitzroy akapiga ukunga, watoto wakafuatia. Ismay akaziba masikio. Moyo ulimuuma, ndiyo, lakini Alban wake alikuwa mzima, na hilo lilimtosha.

Kishindo.

Chumba cha pili.

Alikimbia. Alban alikuwa chali sakafuni, macho yamegeuka, kitovu chake kinavuja damu mbichi kama cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Mkewe, Verlyn, alikuwa amekipakata kichwa chake.

"Mama..." Verlyn alinong'ona. "Mama, ulipaka upi?"

Ismay akapiga magoti, akakibana kitovu kwa viganja.

"Juzi nilikifukua kichupa cha Alban. Nikakifukia chini ya mnazi wa Fitzroy."

"Kwa nini? Mwanamke wewe, kwa nini?"

"Nilijua utautoa mti wa mwanao. Nilijua wewe huwezi kuua baba wa watoto watatu."

Alban alikuwa bado anapumua. Kidogo... kidogo sana. Ismay akadaka jembe nyuma ya mlango akakifukue kichupa, akatoka mbio akiita, "Ngojeni! Ngojeni!"

Mashine ilimeza sauti yake. Kwa mbali aliwaona vibarua wakimimina mafuta kwenye kisiki. Mmoja wao akamwona anavyopunga mikono, akadhani bibi anasalimia.

Akampungia naye, kisha akawasha kiberiti.