Tangi Nyuma ya Kibanda

Haya yalimkuta swahiba wangu, fundi bati, mtu asiyejua kutia chumvi. Mji ulimchosha, akahamia na mkewe kwenye kibanda cha mbao porini. Hakuna umeme wala bomba. Maji yao ni ya mvua, ndani ya tangi la bati alilolitengeneza mwenyewe na kulitia kufuli kwenye mfuniko.

Jioni moja, giza likianza kuingia, mkewe akamwambia, "Fundi wangu, hebu kagonge tangi tujue kama maji ya kuoga yapo."

"Yapo tele. Au leo unataka kuogelea?" akatania, akatoka.

Kawaida yake hugonga kuanzia chini kwenda juu. Penye maji, bati hutoa sauti nzito. Yanapoishia, hulia kama debe tupu. Akagonga hadi likalia tupu, karibu na kifua chake. Yanatosha. Akageuka arudi ndani.

Nyuma yake bati likagongwa.

Akaangalia: kufuli lipo, na mkewe anasikika kibandani akikohoa kwa moshi wa kuni. Likagongwa tena, kwa ndani, kuanzia chini kabisa, sauti nzito ikipanda polepole. Ilipofika pale maji yanapoishia, likaanza kugongwa harakaharaka.