Sifongo na Kidonda cha Mama

Soko la samaki lilikuwa limefurika, sakafu inateleza, kila muuzaji anapaza sauti kumzidi jirani. Katikati ya purukushani hiyo mtafiti mmoja wa maabara, pindo la gauni lake la kitani limerowa chapachapa, alikuwa akichambua sifongo za baharini zilizonasa nyavuni, uchafu ambao wavuvi huutupa.

"Samahani dada, hizo zinapikwaje?"

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la bluu limenyooka, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Fundi cherehani huyo, amesahau kuuvua.

"Hazipikwi, kaka. Natafutia dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kuwanyamazisha bakteria. Wanaongea, hujui? Mmoja peke yake hana ubavu. Wanaitana kwa kemikali, na wakishajua wamekuwa wengi ndipo wanashambulia. Sifongo ina kitu kinachowaziba masikio."

"Kumbe kazi yako ni kuvunja umbea!"

Alicheka mpaka mfuko ukamponyoka. Walipeana namba za simu palepale.

Mapenzi yakakolea. Fundi alimshonea blauzi bila kumpima, nayo ikamkaa sawasawa. Kila jioni alipiga simu: "Mpenzi, wambea wamenyamaza?"

"Wamenigomea, laazizi."

Walikuwa wamemgomea kweli. Bakteria aliowafuga kwenye visahani hugeuka zambarau wakisikilizana; wakizibwa masikio hubaki weupe. Maji ya sifongo ya kwanza yaliwaacha weupe pe. Ya pili, zambarau. Alibadilisha chupa, akabadilisha chumvi, akagombana hata na friji. Zambarau! Alitamani kuvibamiza visahani ukutani.

Ndipo kidonda cha mguuni cha mama yake Fundi, mgonjwa wa kisukari, kilipochachamaa.

"Nipe kichupa kimoja tu," Fundi alimsihi kwenye simu.

"Siwezi. Haijajaribiwa kwa mtu. Inaweza kumdhuru."

"Mama anaoza mguu, dawa iko kwenye friji yako!"

"Si dawa bado! Nikwambie mara ngapi? Mpeleke hospitali."

Simu ikakatwa. Akapiga, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, kimya. Alipita dukani kwake, akakuta mlango umefungwa. Basi, alijiambia kwa uchungu, mwanamume amenisusa kwa kukataa kumuua mama yake.

Simu ilipolia hatimaye, aliyeongea alikuwa mama mwenyewe, sauti dhaifu.

"Mwanangu, njoo hospitali umwone mwenzako. Hali chakula, hasemi."

Alimkuta Fundi kwenye benchi la korido, shati limekunjamana, macho mekundu. Mama alikuwa amekatwa vidole viwili vya mguu.

"Ungenipigia," mtafiti alisema.

"Ningekwambia nini? Nilirudi sokoni. Nikaokota sifongo kama zako, nikazitwanga, nikamfunga nazo kidonda. Usiku ule ule mguu ukavimba." Aliinamisha kichwa. "Sikukasirika, mpenzi. Niliona aibu."

Hasira zilimpanda mtafiti.

"Zile zina uchafu wa bahari nzima! Zina miba! Nilikukataza kwa maneno gani usiyoyaelewa?"

"Nilielewa. Nilishindwa kukaa tu nikimtazama."

Alijua alivyoshindwa yeye pia, kila asubuhi, mbele ya visahani. Akaketi, akiacha nafasi kati yao.

"Mama anajua?"

"Anajua. Alinisamehe kabla sijamaliza kusema. Hilo ndilo linaloniumiza."

Muuguzi alipita akisukuma kitoroli. Fundi akasogea kidogo, akasita, akasogea tena.

"Hiyo dawa itakuwa tayari lini?"

"Sijui. Huenda miaka. Huenda isiwe kabisa. Bado sijui hata kwa nini sifongo moja inakubali na nyingine inakataa."

"Nitasubiri."

"Utasubiri dawa?"

"Dawa nimeikoma. Nakusubiri wewe. Unioe, nikuoe, vyovyote utakavyopanga, mradi usiniache hapa."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nitakuwa nazo muda mrefu."

"Kuwa nazo nyumbani kwangu, basi."

Mtafiti alimtazama. Akamshika mkono, akamvuta wasimame, wakaingia wodini kumwambia mama.