Mmea Ulioota Gizani

Kazini walimwita Mama Majani, hata bosi alishasahau jina lake halisi. Umpelekee jani kavu lililotafunwa na mbuzi, atakuambia ni la nini. Basi mchana huo dada yake alipompigia simu kwamba kuna mmea umeota stoo, kwenye nyumba ya marehemu mama yao, unapasua kuta, alicheka tu, akachukua mkoba.

"Nitajie dawa ya kuuua, mdogo wangu," dada alimwambia mlangoni. "Usihangaike kuingia."

Lakini Mama Majani hakuwa mtu wa kutambua mmea kwa kusimuliwa. Akapita jikoni, akafungua stoo.

Vijani vitatu vitatu katika kikonyo kimoja. Vishada vya maua ya zambarau, vikinukia zabibu zilizoiva. Maganda membamba yenye manyoya. Hakuhitaji kubahatisha: kudzu, ndugu wa kunde na maharage, mvamizi anayefunika nguzo za umeme mpaka juu.

"Dada, huu hauwezi kumea hapa. Unataka jua la kutwa, na udongo wenye kina. Hapa ni giza, chini saruji."

Dada alibaki kwenye mlango wa stoo.

Ndipo Mama Majani akaiona saruji yenyewe. Pembeni ilikuwa ya zamani, nyeusi. Katikati palikuwa na kiraka cheupe, kirefu kama mlango.

Kilishapasuka. Vipande viliinuka kwa mikono tu. Chini yake alikuta mizizi yenye vifundo, akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani chekundu. Hilo halikumtisha, mizizi ya jamii ya kunde ndivyo ilivyo. Kilichomtisha ni kwamba kilikuwa cha moto, kama sikio la mtoto mwenye homa.

Akafukua zaidi. Mzizi mkubwa ulilala ubavu. Umekunja magoti. Mkono mmoja chini ya shavu.

Mdogo wao wa kiume, kitinda mimba, alilala hivyo tangu utotoni. Miaka mitatu sasa dada alikuwa akiwasomea salamu zake kutoka ng'ambo. Mama yao alikata roho akiuliza kama kuna nyingine.

"Alitaka nyumba iuzwe," dada akanong'ona. "Mimi ningekwenda wapi?"

"Na zile salamu?"

"Niliziandika mimi. Mlikuwa mnafurahi."

Mama Majani alikuwa amelia kwa furaha juu ya kila moja ya salamu zile. Nyingine alizikariri.

Dada akasema anakwenda kuchukua mtandio. Akaingia chumbani kwake, akafunga kwa ufunguo. Mama Majani akawaita polisi, akaketi jikoni. Kutoka chumbani alimsikia dada akisema polepole, "Nisamehe." Kisha mwanamume akakohoa.

Kisha kimya.

Polisi walivunja mlango jua likiwa bado kali. Ufunguo ulikuwa ndani. Nondo za dirisha nzima. Hapakuwa na mtu.

Sakafuni palikuwa na mikwaruzo kumi ya kucha, sambamba, kutoka kitandani hadi ukutani, kama ya mtu aliyeburutwa kupitishwa mlangoni.

Upande ule hapakuwa na mlango.