Kikohozi Kilichoitwa Pilipili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sabaha alifagia uwani, akamtengea bibi yake maji ya kuoga, kisha akakung'uta nguo za kazi za mama yake. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaamsha wapangaji wote. Mama yake, Zulekha, alikuwa akichambua pilipili kavu katika stoo moja ya jumla, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, na nguo zake zilijaa vumbi jekundu. Sabaha akizipiga mara mbili tu kwenye kamba, nyumba nzima ilipiga chafya.

"Jamani Zulekha! Utatumaliza na pilipili yako!" Mama Nice wa chumba cha pili alipiga kelele huku akifunika uji wake.

"Pigeni chafya mpate afya, hamlipii!" Zulekha alijibu, akacheka. Lakini kicheko chake hakikufika mbali. Kiligeuka kikohozi, akainama na kushika ukuta hadi kilipotulia.

Hakuna aliyeshtuka. Katika stoo ile wanawake sita walikaa chini siku nzima wakikata vikonyo na kutenga pilipili mbovu, na wote sita walikohoa. Mtaani kwao watu walikiita kikohozi cha pilipili. Dawa yake ilikuwa kikombe cha maziwa ya moto, basi.

Sabaha alikuwa darasa la sita, na alilala kitanda kimoja na mama yake na mdogo wake Siwema, mtoto wa miaka minne. Kwa hiyo alijua mambo ambayo majirani hawakuyajua. Alijua kuwa Jumapili, stoo ikiwa imefungwa, mama alikohoa vilevile. Alijua kuwa kila alfajiri kanga ya mama ilikuwa imelowa jasho, hata mwezi wa saba wenye baridi. Tena gauni lililombana mama sikukuu ya Idi, sasa alilifunga kwa pini mbili kiunoni.

Nyumba yao ilikuwa moja ya zile chache za zamani zilizobaki Mtaa wa Narung'ombe, vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi katikati. Kulia kwake lilisimama ghorofa, kushoto ghorofa jingine, na madirisha yalitazama ukuta. Upepo ulipita kwa nadra sana humo ndani.

Bibi Anifa, mama yake Zulekha, alikuwa na mapenzi ya jambo moja: redio wakati wa vikao vya Bunge. Alikaa uwani na ungo wake wa mchele, akipepeta na kuwajibu wabunge kana kwamba wako mbele yake. Aliyempenda kuliko wote alikuwa Mheshimiwa Sofia Chilumba, mbunge wa viti maalumu wa mkoa wao, ambaye kabla ya siasa alikuwa nesi.

"Mheshimiwa Spika," sauti ya mbunge huyo ilisikika mchana mmoja, "kifua kikuu kinatibika, na dawa zake ni bure. Kwa nini basi watu wangu wanakufa? Kwa sababu tunakaa hospitalini kuwasubiri, na wao wanaogopa kuja. Naomba wahudumu wa afya wapite nyumba kwa nyumba, waingie masokoni, waingie hata kwenye mastoo!"

"Sema, mwanangu, sema!" Bibi alipiga ungo kwa kiganja.

"Bibi, kwani anakusikia huko Dodoma?" Sabaha alimtania.

"Asisikie, shauri yake. Mimi nimeshamjibu."

Na kweli, ombi lile halikuishia Dodoma. Baada ya miezi michache wahudumu walianza kupita Kariakoo wakiwa na vizibao vya bluu na madaftari. Siku moja alasiri, dada mmoja mwembamba alibisha hodi Mtaa wa Narung'ombe. Bibi Anifa alikuwa msibani Magomeni, mama alikuwa stoo. Sabaha akatoka na Siwema mgongoni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Candida, mhudumu wa afya. Wakubwa hawapo? Haya, basi nisaidie wewe. Humu ndani yupo anayekohoa wiki mbili au zaidi? Anayetoka jasho usiku? Anayekonda?"

Sabaha alifungua mdomo. Yote matatu aliyajua. Lakini pale barazani, karibu kiasi cha kunyoosha mkono, alikaa Mzee Ridhiwani, baba mwenye nyumba, na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa ameacha kunywa. Alikuwa akisikiliza.

Sabaha akamkumbuka Onesphory, kinyozi aliyepanga chumba cha mbele. Mwaka uliopita ilijulikana kwamba Onesphory anameza dawa za kifua kikuu, na Mzee Ridhiwani akampa siku tatu ahame. Sabaha alimwona akipakia godoro kwenye mkokoteni peke yake. Hakuna aliyempa mkono wa kwaheri. Watoto wa mtaa walimwimba kwa dhihaka njia nzima.

"Hayupo," Sabaha alisema.

Wakati huohuo Siwema akakohoa mgongoni.

"Na huyu?" Candida aliuliza, akimtazama mtoto.

"Ni pilipili tu. Mama anafanya kazi ya pilipili."

"Hata usiku hakohoi, huyo mama?"

"Hakohoi."

Mzee Ridhiwani akarudisha kikombe mdomoni. Candida akaandika, akataja zahanati ilipo, akasema, "Siku yoyote mkiona kitu, njooni. Hamtoi hata senti." Kisha akaenda nyumba ya pili. Sabaha alibaki mlangoni. Alijiona ameokoa chumba chao. Jioni mama alipouliza kama kulikuwa na mgeni, alisema hapakuwa na mtu.

Baada ya miezi miwili, Zulekha alianguka stoo. Wenzake walidhani amezidiwa na vumbi, wakamtoa nje apate hewa. Mmoja wao akaona damu kwenye kanga aliyojizibia mdomo. Walimpakia kwenye bajaji hadi hospitali. Daktari alisema ni kifua kikuu, na kwamba mapafu yote mawili yalikuwa yameliwa sana. Dawa alianzishwa siku ileile, lakini mwili ulikuwa umechoka.

Aliishi siku tisa. Siku ya nane Sabaha aliruhusiwa kumwona kwa muda mfupi, akiwa amevaa barakoa. Mama alimwuliza kama amefanya mtihani wa hesabu. Sabaha akasema amefanya. Alitaka kusema jambo jingine. Alijiambia atalisema kesho. Kesho yake alfajiri Bibi Anifa alirudi kutoka hospitali ameshika viatu vya Zulekha mkononi, na hapakuwa na haja ya kuuliza.

Msibani watu walijaa. Wanawake wa stoo walikuja wote watano, macho mekundu, na kwa mara ya kwanza wekundu ule haukutokana na pilipili. Kila mtu alilia ila Sabaha. Alikaa kwenye pembe ya mkeka amempakata Siwema, na kila Siwema alipokohoa, alihisi kama mtu anamchoma sindano.

Siku ya tatu, baada ya dua, Candida aliingia kwa unyenyekevu, akawapa pole wafiwa. Kisha akasema taratibu, "Poleni sana. Najua si wakati mzuri, lakini lazima niulize. Ndani kuna mwingine anayekohoa?"

Mzee Ridhiwani alikuwepo, wajomba walikuwepo. Mama Nice aliangalia chini. Mtu mmoja akanong'ona kwamba maswali hayo yasubiri arobaini ipite.

"Siwema anakohoa," Sabaha alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Anakohoa tangu mwezi wa sita. Na jasho linamtoka. Mama pia alikuwa hivyo, dada, nilijua. Ulipokuja nilikudanganya. Nilikudanganya mimi."

Bibi Anifa aliweka mkono mdomoni. Candida hakuuliza kwa nini. Alimchukua Siwema, akaitisha bajaji, na kabla ya adhuhuri familia nzima ilikuwa zahanati. Siwema alikutwa na ugonjwa. Wengine hawakuwa nao, ila Sabaha alipewa dawa za kumkinga, kwa kuwa walilala kitanda kimoja. "Mmemuwahi," mganga alimwambia Bibi. Candida akawa anapita kila siku kumwona Siwema akimeza dawa, na wiki zilivyopita mtoto akaanza kudai wali hata kabla haujaiva.

Lakini Sabaha hakucheza tena. Shuleni alikaa peke yake. Bibi alijaribu maneno yote aliyoyajua, hayakuingia.

Mwezi mmoja baada ya arobaini, Candida alikuja na mgeni. Hakukuwa na msafara. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye viatu vya chini, na aliposalimia tu, Bibi Anifa aliangusha ungo. Sauti ile aliijua.

"Mheshimiwa Sofia! Nyumbani kwangu!"

"Nimekuja kuhani, mama yangu. Na kumwona mjukuu wako. Candida amenisimulia yote." Mzee Ridhiwani alikimbilia kiti. Mbunge akamshukuru, lakini akaketi mkekani karibu na Sabaha.

Hakuanza kuhutubia. Halafu Sabaha, ambaye kwa wiki zote hizo hakumwuliza mtu yeyote, akauliza, "Ningesema kweli siku ile, mama angepona?"

"Aa, usiseme hivyo, ni kazi ya Mungu," Bibi alidakia.

"Mama, niache nimjibu," mbunge alisema kwa upole. Akamgeukia Sabaha. "Nilikuwa nesi miaka kumi na tisa. Wengi wanaofika mapema wanapona. Mama yako pengine angepona, pengine asingepona, mimi sijui. Ningekuambia hapana ili ufurahi, lakini ningekuwa nakudanganya, na humu ndani uongo umeshatosha."

Sabaha alimtazama. Watu wote walikuwa wamemwambia hapana bila kuulizwa, na hakumwamini hata mmoja.

"Sasa sikiliza na la pili. Uongo ule haukuuanzisha wewe. Tuliuanza sisi wakubwa, siku tuliyomfukuza mgonjwa na godoro lake." Mzee Ridhiwani aliinamisha kichwa. "Nami nina kosa langu. Nilisimama bungeni nikaomba watu wapite mlangoni, nikaona nimemaliza. Sikufikiria kwamba mtoto ataulizwa siri ya mama yake mbele ya mwenye nyumba. Nitarudi kulisema hilo: watu waulizwe faragha, na asiwepo wa kumfukuza mpangaji kwa sababu anaumwa."

"Kwangu hafukuzwi mtu tena," Mzee Ridhiwani alisema, sauti ikikwaruza. "Na Onesphory nitamtafuta. Nitamwomba radhi."

Mbunge aliitikia kwa kichwa, akaushika mkono wa Sabaha. "Mwanangu, sheria nzuri na dawa za bure vinaweza kusafiri kutoka Dodoma hadi kizingiti cha nyumba yenu. Kuingia ndani haviwezi, mpaka mmoja wa waliomo ndani aseme kweli. Kumtaja mgonjwa mbele ya mganga si kumwaibisha. Ni kumpigania. Siku ya kwanza uliogopa, na hasara yake ni kubwa, hatuifichi. Siku ya tatu ya msiba uliogopa vilevile, watu walikuwa wengi zaidi, na ukasema. Siwema yupo kwa sababu ya siku ile."

Pale ndipo Sabaha alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alimlilia mama yake kwa sauti, mpaka wapita njia wakasimama. Mama Nice alitaka kumwambia anyamaze, Bibi Anifa akamzuia kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Mwache alie. Leo ndiyo anazika."