Stella Aacha Kufagia Kihamba

Kila Jumamosi asubuhi Stella alifagia uwanja wa nyumba. Kisha aliingia kihambani, akafagia chini ya migomba. Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba. Kihamba chao kilikuwa Kibosho, kwenye mteremko. Upande wa juu wa nyumba kulikuwa na migomba, mibuni na miti mirefu ya mringaringa. Stella alikusanya majani yote makavu, akayachoma moto. Udongo ulibaki mtupu, umechorwa mistari ya ufagio.

Mama mkwe wake, Veronika, alikaa barazani akimenya ndizi za mtori.

"Mwanangu," alisema, "hata inzi akitaka kutua hapo, atafuta miguu kwanza."

Stella alicheka. Alimpenda sana mama huyu. Kufagia ndiyo ilikuwa njia yake ya kumpenda.

Upande wa chini wa nyumba mambo yalikuwa mengine. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Valerian, shemeji yake Stella, aliuza vipuri vya magari Dar es Salaam. Yeye ndiye kaka mkubwa. Alisema kahawa haina faida tena. Basi Jovin, mume wa Stella, aling'oa mibuni na migomba yote ya chini. Akakata miringaringa, akapanda nyanya. Msimu wa kwanza nyanya zilijaa matenga. Msimu wa pili zilipungua. Msimu wa tatu zilikuwa ndogo kama ndulele.

Krismasi ilipofika, Valerian alikuja nyumbani. Siku ya kuondoka alimwita mdogo wake.

"Jovin, Krismasi ijayo nitaleta wageni. Ng'oa na huku juu. Nikute peupe, nyanya tupu."

"Sawa, kaka."

Jovin alinunua shoka jipya, aanze kukata masika yakiisha. Siku hiyo Mama Veronika hakula. Mibuni ya juu ilipandwa na marehemu mumewe. Na ndizi za juu ndizo walizokuwa wakila. Chini migomba ilikuwa imekwisha.

Masika yalianza. Alasiri moja mvua kubwa ilinyesha. Maji mekundu yalishuka kwa kasi. Mvua ilipokatika, nyanya zilikuwa zimelala, mizizi juu. Udongo wao ulikuwa umejaa kwenye mfereji wa jirani. Hata kule juu, mizizi ya migomba ilikuwa imebaki nje kama vidole.

Kesho yake alipita Eliaichi, bibi shamba wa kata. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mabuti yake yamejaa tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa tumebaki na mawe tu."

Eliaichi alizunguka kihamba chote. Alirudi akiwa amekunja uso.

"Nani anafagia shamba hili?"

"Mimi," Stella alijibu kwa fahari. "Wageni wanakuja Krismasi."

"Na hao wageni watakula ufagio?"

Jovin aliangua kicheko. Eliaichi akamgeukia.

"Usicheke, baba. Wewe una shoka, yeye ana ufagio. Mnafanya kazi moja."

Aliomba glasi mbili za maji. Alichukua bonge la udongo uani, pale ambapo Stella alifagia. Alichukua la pili kwenye kona nyuma ya zizi la ng'ombe, mahali ambapo ufagio haukuwahi kufika. Akatumbukiza kila bonge katika glasi yake.

Bonge la uani liliyeyuka pale pale. Maji yakawa kama uji. Bonge la nyuma ya zizi lilikaa. Maji yake yalibaki meupe, na nyungunyungu mmoja akachungulia.

"Yesu na Maria!" alisema Mama Veronika. "Ni udongo wa mlima mmoja huo?"

"Mlima mmoja, mama. Udongo huu uliobaki mzima una mboji. Mboji ni majani na samadi vilivyooza. Ndiyo inayoshikanisha udongo, kuunywesha maji ya mvua na kulisha mmea. Lakini nchi yetu ina joto na mvua. Kila kitu huoza haraka, na mboji huisha haraka. Kwa hiyo udongo wetu unataka chakula kila siku. Mringaringa unaudondoshea majani. Mgomba unaudondoshea majani. Ng'ombe anatoa samadi. Ukikata mti, umeondoa mpishi. Ukifagia na kuchoma majani, umemwaga chakula chenyewe."

"Mbona nyanya za kwanza zilizaa sana?" Jovin aliuliza.

"Zilikula akiba ya mzee wako, baba. Alilimbikiza miaka mingi. Nyanya zimeimaliza kwa misimu mitatu. Jua likauchoma udongo mtupu, matone ya mvua yakaupiga, nao haukuwa na mizizi ya kuushika. Ukaondoka."

Stella alikuwa ameinamisha kichwa. Machozi yalimtoka.

"Kumbe nilikuwa nakunyang'anya ndizi, mama."

Mama Veronika aliushika mkono wake. Viganja vya Stella vilikuwa vigumu kwa sababu ya ufagio.

"Ulikuwa unanipa heshima. Sasa utanipa majani. Twende, bado kuna lundo hujalichoma."

Siku hiyo hiyo walirudisha majani chini ya migomba, wakiyatandaza kwa mikono kama wanatandika kitanda. Mama Veronika alitandika akiwa ameketi kwenye kigoda, akisogea kidogo kidogo.

Eliaichi aliwaonyesha kupanda nyasi ndefu za mabingobingo kwa mistari inayokata mteremko, ili maji yapunguze mbio. Nyasi hizo zikawa pia chakula cha ng'ombe. Samadi ilirudi shambani. Kule chini walipanda migomba, maharage na miche ya mringaringa. Nyanya zilibaki kidogo, katikati ya mistari. Shoka jipya likachanja kuni.

Mvua za vuli zilinyesha kwa nguvu. Jovin alitoka akiwa amejifunika gunia, akatazama maji yakishuka. Alirudi anacheka.

"Meupe, mke wangu! Yanapita meupe!"

Kule chini migomba ilikuwa bado michanga. Lakini kule juu mikungu ilinenepa, mmoja ukahitaji nguzo mbili.

Krismasi Valerian alifika na wageni wake. Alisimama kihambani, viatu vyake vyeusi vimezama katika majani makavu. Uso ulimshuka.

"Nini hiki? Nilisema peupe! Shamba limekuwa jalala. Nani ameamua?"

"Mimi, shemeji," alisema Stella.

"Umenitia aibu mbele ya watu. Mama, mpe isale aniombe radhi."

Wageni waligeuka kumtazama Stella. Isale ni mmea wa mpakani. Kwa Wachagga, mkosaji humpelekea aliyemkosea jani la isale, na radhi hiyo haikataliwi.

Mama Veronika aliinuka, akachukua kisu. Alitembea polepole hadi mpakani. Stella alimfuata kwa macho. Kama mama angempa jani, angewezaje kulikataa?

Mama alirudi. Hakuleta jani. Alileta shina zima la isale, lenye macho ya kuchipua.

"Shika, mwanangu. Unajua pa kulipeleka."

Stella alilipokea kwa mikono miwili. Alimpita Valerian, akashuka hadi kwenye mstari wa mabingobingo, palipokuwa na pengo. Alichimba kwa vidole. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Akalisimika shina, akalishindilia, akalifunika majani.

Akainuka, magoti yana udongo, akamtazama shemeji yake.

"Ndizi zimeiva jikoni, shemeji. Karibu ule na wageni wako, mshibe. Isale hili nimelikabidhi kazi ya kushika udongo. Radhi siombi."