Tumbo la Karanga

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Salvina alikuwa na kazi zake: maji, moto na majani. Maji aliyateka kisimani, moto aliuwasha jikoni, na majani aliyakata kando ya njia. Majani hayo aliyatandaza kwanza yakauke umande, maana Karanga akila majani mabichi yenye maji alivimbiwa. Karanga alikuwa simbilisi jike, mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye rangi ya karanga zilizokaangwa zikazidi moto kidogo. Aliishi jikoni nyuma ya mafiga, ndani ya kizuizi cha matofali mabichi, na akisikia mlango unafunguliwa alipiga mluzi mpaka majani yafike.

Lakini Karanga hakuwa mali ya Salvina, na hilo ndilo lililoleta vita.

Kule kwao Masumbwe, mtu mwenye ng'ombe wengi huwekesha baadhi yao kwa jirani. Jirani huwachunga, hunywa maziwa, na ndama wakizaliwa hugawana na mwenye mali. Sheria yake haina mjadala: mnyama akiugua, mwenye mali aambiwe siku hiyo hiyo; akifa, apelekewe ngozi, hata kama fisi ameacha kipande cha kuziba tundu tu. Asiyepeleka ngozi huhesabiwa mwizi.

Watoto nao huiga wakubwa. Philomena, aliyesoma na Salvina darasa la sita, alikuwa na simbilisi wawili, jike na dume. Mama yake, Mama Philomena, alikuwa amepata sakafu ya saruji na hakutaka kuona kinyesi cha mnyama juu yake. Kwa hiyo Philomena akawawekesha kwa Salvina, kwa sheria zile zile za ng'ombe. Uzao wa kwanza ulipotoka, Philomena alichukua watoto wawili na Salvina akabaki na mmoja, kajike alikokaita Tembe. Mambo yalikwenda vizuri.

Kisha Salvina akasahau kufunga mlango wa jikoni, na nguchiro akaingia akamchukua yule dume. Kilichobaki kilikuwa kipande cha ngozi, upana wa kiganja. Salvina alikitazama, akaufikiria mdomo wa Mama Philomena, akaenda kukifukia nyuma ya choo. Hakumwambia mtu.

Ingekuwa zamani, kila ukoo kwenye mji wake, pengine jambo lingepita. Lakini miaka ile Operesheni ya serikali ilikuwa imewahamisha watu na kuwapanga kwa mistari katika kijiji kimoja, mlango kwa mlango, na majirani wapya hawakupendana hata kidogo. Ukipika nyama, mwenzako anahesabu kuku wake.

Masika yalipita. Tumbo la Karanga likaanza kukua.

"Ana mimba," alisema Philomena, akichungulia juu ya ua wa matete, Karanga akiwa ametolewa kuota jua. "Wawili wangu, mmoja wako. Usije ukahesabu vibaya."

"Ana mimba," Salvina aliitikia. Moyoni alijua dume hayupo tangu zamani. Lakini uongo ukishaukaribisha ndani, hauondoki kirahisi. Unaomba na kiti. Salvina alianza kujidanganya kwamba labda mimba ya simbilisi hukawia.

Tumbo likaendelea kukua, na mtoto hakuonekana. Manyoya ya ubavuni yakaanza kunyonyoka, upande huu na upande ule sawasawa, mpaka ngozi ikabaki wazi. Karanga aliyekuwa mpole akawa anamng'ata anayemshika, na majani akayaacha nusu. Salvina alimfunika kwa nyasi ili watu wasione. Mama yake, Mama Salvina, alipouliza, Salvina alimjibu kwamba Karanga anajinyonyoa manyoya ya kutandikia watoto. Hiyo ni tabia ya sungura. Simbilisi hatandiki chochote. Huzaa palepale alipolala na maisha yakaendelea.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. "Mimba gani hii isiyoisha?" Philomena aliuliza mbele ya wasichana wote, wakati wa kufagia uwanja. "Au kwenu watoto wakizaliwa wanaingia chunguni? Ndiyo maana shavu lako linang'aa."

Wasichana walicheka. Salvina aliinama akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Aliona aibu, na pamoja na aibu aliona hasira, ile hasira ya mtu anayesingiziwa jambo moja huku akiwa ametenda jingine.

Jioni ile Mama Philomena alikuja mwenyewe. Hakukaa kwenye kigoda alichopewa.

"Mama Salvina, nimekuja kuona mali ya mwanangu."

"Karibu, Mama Philomena. Salvina, mlete Karanga."

Salvina alimleta. Mama Philomena alipoona ubavu mtupu alirudi nyuma hatua.

"Huu ni upele. Mtaniambukizia watoto. Na dume yuko wapi?"

Mama Salvina alimgeukia binti yake. "Unaulizwa. Dume yuko wapi?"

"Alichukuliwa na nguchiro," Salvina alisema, akitazama miguu yake. "Kabla ya masika."

"Na ngozi?"

"Niliifukia."

Mama Philomena alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Umeifukia. Basi mlimla, na watoto mmewala, na sasa huyu mmemtia maradhi. Ndiyo watu tuliopangwa nao hawa. Kesho namchukua, na nikimchukua ni wa kutupwa shimoni, sitaki upele wenu kwangu."

Alipoondoka, Mama Salvina alifunga mlango kwanza. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini, na Salvina angependa apigiwe kelele kuliko kuisikia ile.

"Umenivua nguo mbele ya mtu ambaye hata maji ya kunywa hanipi. Miaka yote babu yako alichunga ng'ombe za watu, na hakuna siku alidaiwa ngozi. Umeona tumbo linavimba ukanyamaza. Umeona manyoya yanatoka ukanidanganya. Nani alikufundisha?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa kusemwa. Karanga ndiye aliyeumwa." Mama alimtazama yule mnyama aliyejikunyata. "Kesho ni siku ya josho. Utampeleka kwa Bwana Mageni. Na utapita kwa Philomena umwambie aje, yeye na mama yake. Mnyama si wetu. Hatuwezi kumtibu wala kumuua kwa siri."

Siku ya josho ng'ombe walikuwa wengi na vumbi lilikuwa jingi zaidi. Wachungaji walipiga makelele, ng'ombe wakitumbukia kwenye dawa mmoja baada ya mwingine, na Bwana Mageni, bwana mifugo wa tarafa, alisimama ukingoni akikaripia kila mtu. Hakuwa mtu wa kuchekacheka.

"Mwangaluka," wachungaji walimsalimu Salvina, kisha wakachungulia kapu lake. "Huyu naye aingie joshoni? Atameza dawa yote." Wakaangua kicheko. Nyuma yake, Philomena na mama yake walisimama mbali, kana kwamba wamekuja na watu wengine.

"Shikamoo, Bwana Mageni."

"Marahaba. Nina ng'ombe za vijiji vizima hapa. Wewe umeniletea panya?"

"Ni simbilisi. Anaumwa."

"Namwona." Alimtoa Karanga kapuni kwa mkono mmoja, na Karanga akamng'ata kidole. Bwana Mageni hakumtupa. Alimgeuza, akampapasa tumbo kwa vidole viwili taratibu, huku akiuliza maswali.

"Alikaa na dume mara ya mwisho lini?"

Salvina aliwatazama wachungaji, kisha akamtazama Philomena.

"Msichana, huyu hawezi kuniambia kinachomuuma. Mdomo wake ni wewe. Ukinidanganya, nitamtibu ugonjwa ambao hana, na atakufa mkononi mwangu kwa ajili ya aibu yako. Dume alikuwepo lini?"

Salvina akayasema yote, kwa sauti ambayo hata wachungaji waliisikia: mlango alioacha wazi, nguchiro, ngozi aliyoifukia, nyasi alizomfunikia, uongo wa manyoya ya kutandikia. Kila neno lilitoka kama mwiba unaong'olewa, lakini lilitoka.

"Anajikuna?"

"Hapana. Hajikuni kabisa."

"Basi si upele. Mwenye upele angejikuna mpaka atoke damu," alisema Bwana Mageni, safari hii akimtazama Mama Philomena. "Wala si mimba. Mimba ya simbilisi haimalizi miezi mitatu, na ningegusa vichwa vya watoto. Hapa nagusa vitu viwili vya mviringo, laini, kila upande kimoja. Ni vifuko vya maji kwenye ovari, pale mayai yanapokaa. Majike waliokua hupata sana. Ndivyo vinavyomnyonyoa manyoya na kumfanya mkali. Hakuna mtu aliyekula watoto, maana hawakuwepo."

Mama Philomena alirekebisha khanga yake. Hakusema samahani.

"Anapona?" Salvina aliuliza.

"Sikilizeni wote, halafu mwenye mali aamue. Mkimwacha, vitaendelea kukua mpaka ashindwe kula, au vipasuke ndani. Njia ya pili ni kumpasua na kuzitoa ovari. Hapo ugonjwa utakwisha kabisa, lakini hatazaa tena, na mnyama mdogo hivi nikimpa nusukaputi huenda asiamke. Sitawaficha. Njia ya tatu ni kuyanyonya maji kwa sindano. Atapata nafuu leo hii, ila maji yanaweza kurudi, na mtalazimika kumleta tena. Ya nne mnaijua, kumuua haraka asiteseke. Nani mwenye mali?"

"Mimi," alisema Philomena.

"Sema basi."

"Auawe," alidakia mama yake. "Mnyama asiyezaa ni wa nini?"

"Nimemuuliza mwenye mali," Bwana Mageni alisema.

Philomena alisogea karibu kwa mara ya kwanza. Alimtazama Salvina kwa macho ya chuki. "Ungeniambia mapema," alisema. "Ungeniambia tumbo likiwa dogo."

"Ilinipasa kukuambia. Nimekosa," Salvina alisema. "Mchukue Tembe azibe pengo la dume. Ni wangu, lakini mchukue. Ila Karanga asiuawe, hata kama hatazaa. Majani nitamkatia mimi."

Tembe ndiye mnyama pekee aliyewahi kuwa wake, na Philomena alijua hivyo. Alishusha macho kwenye tumbo la Karanga lililokuwa likipanda na kushuka mbiombio.

"Sindano," alisema mwishowe. "Asipasuliwe. Achomwe sindano."

Sindano ndogo ilichemshwa kwenye sufuria juu ya moto wa wachungaji. Bwana Mageni alifuta ubavu mtupu kwa spiriti, akawaamuru wasichana wote wawili wamshike, mmoja kichwani na mmoja nyuma. Hawakutazamana. Sindano ilipoingia Karanga alilia mara moja, kisha maji yakaanza kupanda kwenye bomba, meupe, safi. Alifanya upande wa kwanza, akamgeuza, akafanya wa pili. Wachungaji walioanza kwa kucheka walikuwa sasa wamenyoosha shingo kutazama.

Tumbo lilinywea mbele ya macho yao. Karanga alirudishwa kapuni, akakaa kimya kidogo, halafu akaanza kutafuna jani lililokuwa chini ya mguu wake. Salvina alilia, na hakujali nani anamwona.

Tembe alihamia nyumba ya sakafu ya saruji jioni ile ile, ndani ya sanduku. Salvina alimbeba mwenyewe mpaka mlangoni. Philomena alimpokea, akafunga mlango bila kuaga.

"Kaninunia bado," Salvina alimwambia mama yake.

"Acha anune. Ana haki," alijibu Mama Salvina, akichambua mboga. "Uaminifu hukatika siku moja kama kamba ya kisimani, na kuusuka upya ni kazi ya siku nyingi. Lakini shika neno hili, mwanangu. Kufiwa na mfugo wa mwenzako si aibu, nguchiro hamuulizi mtu ruhusa. Aibu ni kuificha ngozi. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa Karanga akiwa bado hai. Mshukuru Mungu kwa hilo, na siku nyingine usingoje kuumbuliwa."

Manyoya hayakurudi yote, lakini mluzi ulirudi. Kila asubuhi Salvina alikausha majani, na kabla ya kumpa Karanga alimpapasa tumbo kwa vidole viwili, kama alivyoona kwa Bwana Mageni.

Mahindi yalipoanza kukomaa, asubuhi ya siku ya josho, vidole vyake viligusa kitu laini cha mviringo upande wa kushoto. Kilikuwa kidogo, ukubwa wa njugu. Salvina hakumaliza hata kuchochea moto. Alimweka Karanga kapuni, akaenda kugonga kwenye mlango wa nyumba ya saruji.

Philomena alifungua, uso umekunjamana.

"Karanga ameanza kuvimba tena," Salvina alisema. "Nimemgundua sasa hivi. Sijamwambia mtu mwingine kabla yako."

Philomena hakutabasamu. Alirudi ndani, akatoka na kitenge cha kujifunga, akashika upande mmoja wa kapu.

"Twende mapema," alisema, "kabla ng'ombe hawajajaa."